Kofia Juu ya Kifua

Mei 6, Sikukuu ya Mtakatifu Djordje

Leo nimekabidhiwa mzee mzima, Vuksan, nimlinde, kama mtu anavyokabidhiwa mbuzi wa jirani. Mkewe alifariki wakati wa theluji, na ndiye aliyekuwa akikaa naye anapolala. Sasa kazi hiyo ni yangu kwa sababu moja tu: nilizaliwa na utando wa uzazi kichwani, na mama yangu, badala ya kuutupa, aliukausha akaushona ndani ya kitambaa. Laiti angeutupa.

Hapa Podkuk kila mtu anajua Vuksan ni nani. Wingu la mvua ya mawe likichungulia juu ya mlima Kuk, usingizi humkamata popote alipo, awe anakamua au anakula, na roho yake hutoka kwenda kupigana na wingu. Mwili hubaki chini. Watu wa namna hiyo tunawaita zduhach. Siku atakayoacha yeye, usingizi huo utanihamia mimi. Nimemwambia sikuuomba. Akasema, "Hata mimi sikuuomba, mwanangu. Kata jibini."

Halafu akanipa masharti.

"Sheria ni mbili. Ya kwanza hata watoto wanaijua: aliyelala usimgeuze. Kichwa kikienda kwenye miguu, roho ikirudi haiuoni mlango. Anayemgeuza zduhach amemuua."

"Na ya pili?"

"Siku yake haijafika."

"Mzee, mimi ni mjane, si mtoto wa kufichwa peremende."

"Ungekuwa mtoto ningekwambia," akasema, akarudi kwenye jibini lake.

Mei 9

Mvua ya kawaida. Mchana nilimkuta amelala chini ya mplamu, nikakaa kumlinda. Kumbe ni usingizi wa shibe.

Mei 21

Leo ndio nimeuona wenyewe. Tulikuwa tunapanda viazi. Vuksan akasimama, akatazama Kuk, akasema, "Haya basi," akaanguka kwenye mfereji kama gunia. Nilimwita, hakusikia. Uso ulimbadilika rangi, pumzi ikawa ya mbali. Niliogopa, sitaki kusema uongo. Juu kule wingu jeusi lenye tumbo jeupe lilikuwa linazunguka mahali pamoja, linasukumwa huku, linarudi. Kisha likakimbilia ukingoni mwa kijiji na kumwaga mawe yake yote juu ya shamba moja dogo.

Shamba la Vuksan.

Alipoamka alikuwa na alama mabegani na mgongoni, nyekundu, za mviringo. Nilimpaka mafuta ya nguruwe. Nikamuuliza kwa nini mawe yameangukia kwake wakati ndiye aliyeyapiga.

"Mawe hayapotei hewani, Stojna. Lazima yaangukie mahali. Nguvu zangu zinafika hapo tu, ukingoni. Kabla sijayavusha mlima, mwili unanivuta kurudi."

Jioni Jagosh, kaka wa marehemu mume wangu na mkuu wa kijiji kwa sababu hakuna mwingine anayeutaka ukuu huo, akapita akicheka. "Shemeji, huyo mlinzi wako analinda mashamba ya wote isipokuwa lake. Mwambie siku moja alinde la kwake, sisi tutajitegemea."

"Mwambie mwenyewe. Ana masikio."

"Ana masikio, na ana fimbo vilevile."

Mei 28

Mawingu mawili leo, moja asubuhi, moja alasiri. Viazi vyake vimekwisha vyote. Hakulalamika. Mimi ndiye nimelalamika kwa niaba yake mpaka akaniomba ninyamaze.

Juni 4

Krstinja hajibu salamu yangu tena. Anakaa nyumba ya tatu kutoka kwetu, mama wa watu wazima, anafuma soksi akitembea, akichunga, hata kanisani ukimwacha. Zamani alikuwa akinipa mayai. Tangu nianze kukaa na Vuksan ananitazama kama nimemkanyaga.

Leo nimemfuata kisimani. Nikamwambia, "Shangazi, kama nimekukosea sema, mimi si mpiga ramli."

Akaweka ndoo chini. "Hujakosa. Unakula kwake?"

"Nakula."

"Mimi sijala kitu cha nyumba ile tangu nikiwa msichana. Unajua nani alikuwa zduhach kabla yake?"

Najua. Milun, baba yake Krstinja, aliyemfundisha Vuksan kazi hii. Kila mtu anajua Milun alikufa usingizini.

"Nilikuwa natoka kisima hikihiki," akasema. "Naingia na maji, namkuta baba yangu kitandani, kichwa kipo mahali pa miguu. Vuksan amekaa pembeni, mikono juu ya magoti. Nikamuuliza, umemgeuza? Akasema, nimemgeuza. Nikamuuliza kwa nini. Mpaka leo nangoja jibu."

Alibeba ndoo zake akaenda. Mimi nilibaki pale mpaka ng'ombe wa watu walipokuja kunywa.

Juni 5

Nimemuuliza. Alikuwa ananoa fyekeo, hakuinua kichwa.

"Krstinja amekwambia kweli."

"Kweli gani? Kwamba ulimuua mwalimu wako?"

"Kwamba nilimgeuza."

"Kwa nini?"

Akaendelea kunoa. Nilisimama nikamsubiri mpaka nikajiona mjinga. Nikamwambia mimi silindi muuaji, atafute mbuzi amlinde. Nimerudi kwangu. Nimeosha kila kitu ndani ya nyumba, pamoja na vilivyokuwa safi.

Juni 6

Siendi.

Juni 8

Siendi. Jagosh ameniuliza kama tumeachana. Nimemfukuza kwa ufagio.

Juni 11

Nimekwenda.

Wingu lilitokea saa ya kukamua. Niliapa nisitoke, kisha nikajikuta njiani nimeshika sketi kwa mikono miwili. Nilimpata kwenye majani, chali, na yule mbuzi wake mwenye pembe moja anatafuna mkono wa koti lake. Nilicheka huku nalia. Nikamfukuza mbuzi, nikakaa.

Nilikaa kwa muda mrefu nikimtazama. Mzee huyu alinifundisha kusoma upepo kwa mgongo wa mkono. Alipokufa mume wangu, yeye ndiye aliyenichanjia kuni msimu mzima bila kuniambia, nikidhani ni Jagosh. Mzee huyuhuyu alimgeuza Milun na kuchukua nafasi yake. Nilijaribu kuviweka viwili hivyo ndani ya mtu mmoja, vikakataa kukaa. Nikafikiri: nikimshika miguu sasa hivi, nani atajua? Nikaona aibu kwamba nimefikiri hivyo.

Alipofumbua macho akaniona, akasema, "Umekuja."

"Nimemfuata mbuzi."

Julai 3

Ngano imetoka vizuri mwaka huu, mpaka watu wanaogopa kuisifu. Mwaka jana ukame ulituachia makapi, na nyumba nyingi bado zinachanganya unga na pumba. Majirani wawili wameshauza ng'ombe wa maziwa. Hii ngano ikipotea, kuna watu hawataiona Pasaka.

Julai 12, Petrovdan, sikukuu ya Mtakatifu Petro

Kachamak, ugali wetu wa sikukuu, na maziwa ya mgando. Watu wamecheza. Vuksan hakuweza kuinua kikombe kwa mkono wa kulia.

Julai 19

Alama za mgongoni hazifutiki tena, zinakaa moja juu ya nyingine. Anakula kidogo. Nimekuwa nikipika vitu anavyovipenda na kuviita mabaki ili asinigombeze. Bado sijui ni muuaji au si muuaji. Nampikia.

Julai 27

Jagosh ameita wanaume kupanga mavuno. Ngano ya bondeni itakuwa tayari Jumamosi hivi. Lakini Jumapili ijayo ni Ilindan, siku ya Mtakatifu Ilija mwenye ngurumo, na siku hiyo hakuna anayegusa mundu hapa kwetu, wala mkesha wake baada ya adhuhuri. Anayevuna siku ya Ilija anamchokoza. Wameamua kuanza Jumatatu. Vuksan alikuwa amekaa nyuma, akasema, "Anzeni sasa, hata kama ina ubichi."

"Mzee, ubichi utaoza ghalani," Jagosh akasema. "Na mlinzi tunaye. Au umechoka?"

Watu walicheka. Vuksan naye akacheka, kwa hiyo hakuna aliyesikia kwamba hakujibu.

Julai 30

Ninaandika haya, na sitarudia kuyasoma.

Leo alinisogezea kigoda nje ya mlango akasema siku ya sheria ya pili imefika.

"Ninapolala," akasema, "mwili unanishika kama kamba inavyomshika mbuzi. Nafika mahali fulani, inanivuta. Kwa mawingu madogo kamba yangu inatosha. Lakini likija kubwa, kamba inanirudisha kazi ikiwa nusu, na mawe yanashuka bondeni. Sasa, aliyelala akigeuzwa, kamba inakatika. Anabaki juu muda wote anaoutaka. Anaweza kulisukuma wingu mpaka upande wa pili wa mlima. Ila harudi tena."

Nilijua anakokwenda. Nikainuka. Akanishika sketi kama mtoto.

"Sheria ya pili ni hii: akiomba mwenyewe, mgeuze."

"Milun aliomba?"

"Aliomba."

"Kwa nini hukumwambia binti yake? Amekuchukia maisha yake yote, mzee! Anapita mbali na ukuta wako!"

"Nilimwapia Milun nisimwambie mtu. Fikiri, mwanangu. Watu wakijua kwamba aliyegeuzwa ana nguvu kuliko aliyelala, itakuwaje wingu la kwanza likija? Watakuja mlangoni. Watasema, mgeuze huyo, tuna watoto. Wala si watu wabaya. Wana njaa tu. Utando ungekuwa hukumu ya kifo kwa kila mtoto anayezaliwa nao."

Kisha akasema kwa sauti nyingine, "Na yule msichana. Ningemwambia nini? Kwamba baba yake aliulizwa kati ya ngano na yeye, akachagua ngano? Acha anichukie mimi. Mimi nina mgongo mpana."

Sikujua kama nimwamini. Bado sijui. Kwa sababu mtu aliyeua kweli angesema maneno hayohayo, neno kwa neno. Nimemwambia hivyo usoni.

"Ndiyo," akasema. "Angeyasema hayohayo."

Kisha akanipa alama, ileile aliyopewa na Milun. Akiona wingu ni la kamba yake, atalala na kofia kichwani kama siku zote. Akiona ni kubwa, ataivua aiweke kifuani. "Kofia ikiwa kifuani, nimeomba. Usingoje neno."

Nimemwambia simgeuzi. Nimemwambia mara nyingi, kwa kupiga kelele, mpaka mbuzi akakimbia. Akasema, "Sawa." Lile "sawa" lake nalichukia.

Agosti 1

Ngano imekauka vizuri kabisa, inasikika ikigongana. Imesimama yote. Miundu imetundikwa kwa ajili ya Mtakatifu.

Agosti 2, Ilindan

Lilikuja baada ya misa.

Nimeona mawingu ya kutosha msimu huu lakini hili halikuchungulia, lilisimama tu juu ya Kuk na bonde lote likawa na rangi ya jeraha. Watu walisimama barabarani na nguo zao za sikukuu. Hakuna aliyekimbilia shambani. Mtu mmoja alisema twendeni tuvune tunachoweza, wengine wakamfunika mdomo.

Nilikimbia nyumbani kwa Vuksan. Nilimkuta ameshalala kwenye benchi la ndani, karibu na dirisha. Usingizi ulikuwa umemwahi. Mkono wake wa kulia, ule mbovu, ulikuwa umekunjwa kuelekea kifuani. Kofia ilikuwa baina ya kifua na ukuta, nusu juu ya shati lake, nusu juu ya ubao.

Nusu na nusu.

Je, aliiweka ikateleza? Au ilianguka kichwani alipoporomoka, ikakwama hapo? Niliinama nikaitazama kama mtu anayesoma maandishi ya nchi nyingine. Nilimwita, "Baba." Sikuwahi kumwita hivyo. "Baba, umeomba au hukuomba? Nionyeshe kidole." Hakunionyesha kitu.

Nje nikasikia jiwe la kwanza likigonga paa, kisha la pili. Makubwa. Nikaona kope zake zimeanza kucheza. Nazijua kope zile, zinacheza anapokaribia kuamka. Kamba ilikuwa inamvuta, na wingu lilikuwa bado lote, liko palepale, linaanza kushuka bondeni. Kuku wa jirani alipiga kelele akanyamaza.

Nilifikiria watoto wa Jagosh. Nilifikiria Krstinja na ndoo zake. Nilifikiria kwamba kama kofia ilianguka tu, basi mimi ni muuaji, na nitajitetea kwa maneno yaleyale ya muuaji. Kisha nikamshika mabega, nikamgeuza. Alikuwa mwepesi mno. Nilimweka kichwa mahali pa miguu, na miguu mahali pa kichwa, nikamkunjia koti chini ya shingo ili asiumie, kana kwamba hilo lilikuwa na maana tena.

Alishusha pumzi moja ndefu. Kope zikatulia.

Mawe juu ya paa yakakoma. Nilipotoka mlangoni, wingu lilikuwa linapanda. Linapanda, kinyumenyume, kama linaburutwa kwa mkia. Lilisukumwa juu ya Kuk likasimama kule kwenye miamba mitupu, likamwaga. Lilimwaga alasiri yote. Mlima wetu umekuwa mweupe mwezi wa Agosti, na huku chini ngano imesimama, haikuvunjika hata shuke.

Barabarani walianza kucheza. Niliwasikia wakiita jina lake.

Agosti 3

Amepumua mpaka asubuhi. Kisha hakupumua.

Krstinja aliingia kabla sijamfunika mzee. Sijui kwa nini alikuja leo, nyumba ambayo hakuikanyaga tangu usichana. Pengine kumshukuru, pengine kutazama tu. Alisimama mlangoni, akatazama benchi, akaona mto uko wapi na kichwa kiko wapi.

"Umemgeuza?"

"Nimemgeuza."

"Kwa nini?"

Maneno yote yalikuwa mdomoni. Baba yako aliomba. Huyu hakukudhulumu. Ilikuwa kusema tu, na angefunguliwa kifungo chake na mimi changu. Nikamfikiria mtoto ambaye hajazaliwa bado, mwenye utando kichwani. Nikaweka mikono juu ya magoti nikakaa kimya.

Krstinja alinitazama mikono muda mrefu. Akatoka.

Agosti 4

Wanavuna. Hakuna anayenisalimu. Jagosh alikuja akasimama nje ya uzio, bila utani wowote, na hilo ndilo lililoniumiza kuliko mawe.

"Shemeji. Sema neno moja. Sema uliteleza. Sema ulitaka kumfunika, ukakosea. Nitawaambia hivyo, watakubali."

"Nenda kavune, Jagosh."

"Alishinda! Alilipiga wingu lote, halafu wewe ukamzuia mlangoni kwake! Stojna, mtu huyu alikuchanjia kuni!"

Kwa hiyo alikuwa anajua. Alilia yule mwanamume mzima, akaifuta pua kwa kofia yake.

Agosti 5

Tumemzika. Nilichemsha ngano mpya ya maziko, kama inavyotakiwa, na asali na njugu, ngano ya kwanza kutoka bondeni. Nilisimama na bakuli kwenye lango la makaburi. Walipita mmoja mmoja. Padri alionja kwa sababu ni wajibu wake. Wengine walitazama upande mwingine, bakuli likabaki limejaa, mikono inaniuma.

Krstinja alikuwa wa mwisho. Alichomeka sindano za kufumia kwenye mkanda, akachukua kijiko, akachota. Akala taratibu mpaka akamaliza, kisha akachota tena.

"Nilimuuliza Vuksan miaka mingi," akasema, hanitazami. "Nilidhani ni kiburi. Alikuwa amekaa vilevile kama wewe, na mikono vilevile, na siku ile wingu lilipanda vilevile."

Nilimsogezea bakuli karibu.

"Usiseme," akaniambia. "Usije ukasema."

Alirudi kaburini peke yake. Nilimwona akiinama na kusawazisha udongo kwa kiganja, upande wa kichwa.

Agosti 16

Ghala zimejaa. Naamka nikiiona kofia. Wakati mwingine iko kifuani kabisa, wakati mwingine iko sakafuni. Nimeitundika kwenye msumari na bado sijaiuliza vizuri. Pengine wingu lingekwenda lenyewe. Pengine angemaliza kabla ya kuamka. Sitajua, na nimechoka kutojua.

Septemba 3

Plamu ziko tayari. Nilikuwa juu ya ngazi nachuma nilipoona kichwa cha wingu nyuma ya Kuk, na usingizi ukaanza kunishika. Nimeshuka kwa shida. Nimefika hadi benchi la Vuksan. Macho yananifunga, naandika haraka.

Sikuwa na mtu wa kunilinda. Nani angekubali? Lakini Krstinja ameingia bila kubisha, amevuta kigoda karibu na miguu yangu, ametoa soksi yake na kuanza kufuma. Amenivalisha kofia ya Vuksan kichwani, akaikaza vizuri isianguke.

Nimemuuliza kama anaijua sheria.

"Zote mbili," amesema. "Lala, mwanangu."